Piano Iliyoketishwa Karibu na Moto

Brigita wa makoti. Hivyo ndivyo anavyojulikana Karatu nzima. Ukifika mnadani ukauliza habari za Brigita, utaulizwa yupi. Ukisema wa makoti, utaonyeshwa kwa kidole. Anauza makoti ya mtumba, yale mazito ya nchi za baridi, na wateja wake ni wakulima wa kijiji cha Daa, madereva wa watalii, na wafugaji wanaoteremka kutoka Ngorongoro na baridi yao mgongoni. Wauza mitumba wenzake hupanda juu ya meza, hupiga makofi, huimba bei. Yeye huketi kwenye kigoda, koti moja mapajani, na mteja akiuliza bei humjibu kwa sauti ya chini kiasi kwamba inambidi ainame. Akishainama, husema Brigita, nusu ya biashara imekwisha. Mtu aliyeinama ameshaingia dukani, hata kama duka lenyewe halina mlango.

Wanaomjua kwa makoti peke yake hushangaa wakiambiwa kwamba mama huyu, akishafunga marobota yake, hunawa mikono mpaka kwenye viwiko na kwenda kupiga piano pamoja na watu wengine wawili, muziki usio na maneno, uliotungwa Ulaya kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Wengine hudhani ni mambo ya dini. Wengine hudhani kuna fedha za wazungu ndani yake. Si hili wala si lile. Ni mapatano aliyoyaanza akiwa binti mdogo, na Brigita si mtu wa kuacha mapatano njiani.

Alizaliwa Daa, kwenye nyumba ya wakulima wa Kiiraqw, kitinda mimba wa watoto wengi. Alipomaliza darasa la saba alipelekwa kwa masista kusaidia jikoni. Katika kanisa lao dogo kulikuwa na kinanda cha kukanyagiwa upepo kwa miguu, na mwenye kinanda alikuwa Sista Marsela, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Jikoni nako kulikuwa na masufuria ya uji yaliyoganda ukoko, kazi ambayo kila msichana aliikimbia. Brigita akamwendea Sista akasema atayasugua yeye, yote, Kwaresima nzima, ila kila siku baada ya sala ya jioni aachiwe kinanda. Sista akasema kila siku ni nyingi mno, atapewa Jumamosi. Brigita akashukuru, akageuka kwenda zake. Hakuwa amefika mlangoni alipoitwa.

Mpaka leo hiyo ndiyo silaha yake kubwa: kugeuka. Ukigeuka kweli, si kwa maigizo, mwenye mali huona mgongo wako na moyo wake hulegea.

Baadaye akaolewa, akampata Cresensia na wadogo zake, akaanza biashara kwa koti lake mwenyewe, ambalo aliliuza siku ya baridi kali akarudi nyumbani akitetemeka na kufurahi. Jumapili alipiga kinanda parokiani, kile cha umeme chenye spika ndefu kuliko katekista. Kwaya ilikuwa kubwa, ngoma zilikuwa kubwa zaidi, na usipokibamiza kinanda hakuna aliyejua kwamba upo. Mikono yake, ambayo wiki nzima ilibeba marobota, ikazoea kubamiza.

Mikono hiyo ndiyo aliyoipeleka kwa Bwana Hendrik.

Hendrik alikuwa Mholanzi mzee mwenye shamba la kahawa juu ya mji, upande wa msituni. Brigita alikwenda huko msimu wa mavuno kuwauzia wachumaji makoti, akasikia dirishani sauti ambayo haikuwa gita wala haikuwa piano. Akaingia kuangalia. Kilikuwa chombo chembamba cha mbao ya rangi ya asali, miguu myembamba kama ya swala, na vitufe vyake vilikuwa vimegeuzwa: vile vikubwa vyeusi, vile vidogo vyeupe. Hakikuwa na kanyagio. Chini yake palikuwa na wenzo unaousukuma juu kwa goti ukitaka sauti irefuke. Hendrik akamweleza kwamba hiyo nayo ni piano, tena si kuukuu. Iliundwa miaka michache iliyopita na fundi wa kwao, aliyeifuata piano ya Vienna ya zaidi ya miaka mia mbili nyuma ubao kwa ubao: fremu ya mti mtupu bila chuma, nyuzi nyembamba, vinyundo vidogo vilivyovikwa ngozi. Waliotunga muziki ule walikuwa na piano za namna hiyo nyumbani kwao. Haya mapiano makubwa meusi yalikuja baadaye.

Brigita akaomba kujaribu. Akabonyeza kama alivyozoea parokiani, na uzi mmoja ukakatika kwa mlio wa fimbo.

Mtu mwingine angeomba radhi akakimbia. Yeye akauliza chombo hicho hupigwa mara ngapi kwa juma. Hendrik akakiri kwamba siku hizi vidole vyake vimekakamaa, huwa kinakaa tu. Basi kitaoza, Brigita akasema. Kitu cha mbao na ngozi kisichotumika huoza, hata kiatu. Akapendekeza awe anakuja kila Alhamisi kukipiga ili kisioze, na mzee naye, kwa faida hiyo, amfundishe namna ya kukipiga na kukilinganisha nyuzi. Hendrik alicheka sana. Alipomaliza kucheka aligundua kwamba amekubali.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka. Kisha wakapatikana wengine wawili. Wa kwanza alikuwa Emilian, mtoto wa kaka yake Brigita, mwalimu wa fizikia, kijana mrefu asiyependa ugomvi. Hendrik alimfundisha selo, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti, na vidole vya mzee vilipokataa kabisa akampa aichukue. Wa pili alikuwa Lesiamon, Mmasai wa Ololosokwan, dereva wa watalii. Alijifunza fidla seminari, akaacha upadre akabaki na fidla, na huiweka nyuma ya kiti cha gari lake pamoja na jeki na spana. Wakawa watatu. Sebuleni kwa Hendrik walipiga muziki ulioandikwa kwa vyombo vitatu hivyo, usio na kiongozi wa kwaya wala spika, ambao mmoja husema, wa pili hujibu, wa tatu huwasuta.

Ila tatizo lilikuwepo, na Brigita alilijua. Fidla ya Lesiamon ilikuwa na nyuzi za chuma zilizokazwa sana, na Lesiamon mwenyewe ni mtu wa kusikika. Akianza, piano ile ndogo ilizama. Ili asizame Brigita alibamiza. Akibamiza, kinyundo kilikwama au uzi ulikatika. Lesiamon naye akisikia mtu anabamiza huona ametukanwa, huongeza. Emilian katikati yao aliinamia selo yake kama mtu anayepita chini ya mvua. Walikuwa kama watu wanaovutana bei bila hata mmoja kuwa na nia ya kuuza.

Mwaka mmoja, kabla ya baridi kuanza, Hendrik akatangaza kwamba ameuza shamba anarudi kwao. Piano alikuwa tayari kuwaachia, lakini kwa sharti. Lazima iwe mahali penye paa zuri, mlinzi, na ruhusa ya kuipiga. La sivyo kuna mtu Nairobi anaitaka, na mwisho wa Julai gari litakuja kuichukua.

Brigita akaanza kuzunguka. Parokiani wakamsikiliza kwa heshima, wakasema wanachohitaji ni spika. Shuleni kwa Emilian chumba kilipatikana, kikavuja mvua siku hiyohiyo walipokwenda kukiangalia. Nyumbani kwake mwenyewe paa lilikuwa zuri, ila vyumba vilijaa makoti na wajukuu, na alijua wajukuu wangeimaliza kabla ya Krismasi. Pakabaki mahali pamoja: hoteli moja ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambako Lesiamon hulaza watalii wake. Meneja wake alikuwa Namelok, binti wa palepale Ngorongoro, aliyeanza kwa kutandika vitanda akapanda mpaka ofisini. Namelok hakusema ndiyo. Alisema waipeleke, wapige jioni moja mbele ya wageni, naye ataona. Brigita alimpenda papo hapo, maana hivyo ndivyo hata yeye angesema.

Basi wakaifunga piano kwa magodoro na makoti, wakaipakia kwenye kenta ya kubebea vitunguu, wakaipandisha. Pale geti la Loduare, la kuingilia hifadhi, askari alifunua koti moja, akafunua la pili, akauliza kuna maiti gani humo. Juu msituni ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na miti ilining'iniza ndevu zake zenye maji. Walifika mchana wakaishusha sebuleni, chumba kikubwa chenye meko ya mawe ambamo mtu angeweza kusimama. Asubuhi yake ilikuwa siku ya mnada, kwa hiyo iliwabidi warudi Karatu, wapande tena mchana wake kabla ya onyesho.

Kabla ya kuondoka Brigita alimtafuta mtu wa kuikabidhi. Akaonyeshwa mzee Metui, mlinzi na mwenye kutunza moto, aliyevaa shuka mbili juu ya sare ya hoteli. Akamwamkia, akaitikiwa, akamwambia kwa kifupi, kwa kuwa kenta ilikuwa inaunguruma nje:

"Mzee wangu, huyu ni mgeni wangu. Mtunze kama mgeni."

Mzee Metui akaitikia kwa kichwa, na alikuwa mtu wa neno lake.

Kesho yake waliporudi waliikuta piano imehamishwa. Ilikuwa imeketishwa mbele ya meko, karibu kiasi kwamba mbao zake zilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Moto ulikuwa mkubwa. Mzee Metui alikuwa amekaa kando yake na macho mekundu ya mtu aliyekesha akiongeza magogo, na alipowaona alisimama kwa furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. Mgeni hakupata baridi hata kidogo, akasema.

Brigita akafungua kifuniko, akabonyeza kitufe kimoja. Akabonyeza cha pili. Ilikuwa kama kusikia ndugu zako wote wamelewa kwa wakati mmoja. Sauti zilikuwa zimeshuka, tena kila moja kwa kiasi chake, na vitufe viwili vya juu vilishuka visiinuke.

Emilian akatoa simu yake yenye programu ya kupimia sauti, akapima, akaeleza kwa upole wa mwalimu kwamba mbao zimekauka zikanywea, nyuzi nazo zimepata joto zikalegea. Lesiamon akaanza kumwuliza mzee kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, ni nani aliyemtuma. Brigita akamkatiza. Nani aliyemtuma? Yeye. Kwao Daa, mgeni akiingia kutoka kwenye baridi huwekwa wapi? Penye moto. Wanawe hunyimwa nafasi ili mgeni akae penye moto. Angekuwa yeye ndiye Metui angefanya hivyohivyo, tena angeongeza kuni. Akamshukuru mzee, akamwomba watu wanne wenye mikono mizuri.

Waliipeleka ukuta wa mbali, pasipo na moto wala dirisha, wakaifunika mablanketi ipoe taratibu. Hapo ndipo Namelok alipoingia, akaona mablanketi, akaona nyuso, akauliza. Aliambiwa ukweli, kwa sababu Brigita hajawahi kuficha doa la koti. Humwonyesha mteja doa kwanza, halafu ndiyo bei.

"Sasa mama," Namelok akasema, "chombo kinachougua kwa moto wa usiku mmoja nitakiweka wapi? Hapa moto hauzimwi mwaka mzima."

"Hata wewe meneja, ukilazwa mbele ya meko yale usiku kucha, asubuhi sauti yako haitakuwa hiyo."

Namelok alitaka kucheka akajizuia. Akasema wageni watatoka kreta jioni kama kawaida, na kama hakuna muziki atawaambia tu kuna chai. Akatoka. Brigita akaelewa vizuri kabisa. Ikiwa jioni hiyo hakuna muziki, basi ni Nairobi.

Piano ilipopoa akashika ufunguo wa nyuzi. Emilian alidhani ataikaza irudi palepale ilipokuwa, na saa zilizobaki zingetosha kwa shida. Brigita akakataa. Nyuzi nyembamba kama zile, zilizotoka kwenye joto, ukizivuta zote juu kwa haraka zitakatika moja baada ya nyingine; na mbao zilikuwa bado zinajirudi, kwa hiyo alichokaza sasa jioni kingekuwa kingine. Piano ilikuwa imeshuka. Ataiacha hukohuko chini ilikoshukia, ataipatanisha yenyewe kwa yenyewe, na wao wawili watashusha vyombo vyao wamfuate.

Emilian hakuona taabu. Lesiamon aliona.

Alisema fidla yake ikilegezwa hivyo italia kama mbuzi mwenye mafua. Alisema vidole vyake vimeshazoea. Alisema piano ndiyo iliyoharibika, na haoni sababu ya mzima kumfuata mgonjwa.

"Piano ina nyuzi zaidi ya mia," Brigita akasema bila kuinua kichwa. "Wewe una nne. Nani ahame?"

"Anayehama ni aliyekosea, Mama Cresensia."

"Aliyekosea ni mimi. Ukitaka kunitoza faini nitoze kesho. Leo shuka."

Lesiamon akafikiri, akatoa ofa: yeye ashuke nusu, piano ipande nusu. Kwa mtu asiyejua biashara ilikuwa ofa ya haki. Brigita akamwambia kwamba nusu kwa nusu ndiyo bei mbaya kuliko zote, maana piano itakatika nyuzi na fidla itakuwa imelegea, wote wawili wamepata hasara na hakuna wa kumcheka mwenzake. Lesiamon akatikisa kichwa. Brigita akaweka ufunguo chini, akamgeukia.

"Wazee wako walikuwa wakija kwetu kuchukua ng'ombe bila hata kuuliza bei. Mimi leo nakuomba sauti kidogo tu, tena kwa adabu, unanikatalia."

Emilian alicheka mpaka akaiegemeza selo ukutani isije ikaanguka. Lesiamon alikaza midomo, ikamshinda.

"Hao ng'ombe walikuwa wetu," akasema. "Mungu ndiye aliyetupa."

"Sawa. Na sauti hii ya leo ametupa sisi. Shuka."

Akashuka. Alizungusha vigingi vyake kimoja kimoja akinung'unika Kimaa, na Brigita akarudi kwenye nyuzi zake zaidi ya mia.

Wageni walirudi na vumbi la kreta nguoni, wakajaa sebuleni na vikombe vyao, kila mmoja akimweleza mwenzake kuhusu faru aliyemwona au ambaye karibu amwone. Kelele zilikuwa nyingi kama za mnadani. Lesiamon akamnong'oneza Brigita kwamba waanze kwa nguvu wawanyamazishe. Brigita akatazama zile meza, watu wanaosimama, vijiko, moto unaopasuka mekoni. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze muziki huo alijiona yuko mahali anapopajua. Kwa nini, aliwaza, miaka yote hii mnadani nauza kwa sauti ya chini, na nikiketi mbele ya piano naanza kupayuka kama wale wa juu ya meza?

Akawaambia waanze na ile sehemu ya polepole, ambayo piano hutangulia peke yake. Kisha akaweka vidole kwenye vile vitufe vyeusi kama anayekagua kitambaa, akasema bei yake kwa sauti ya chini.

Meza ya karibu ndiyo iliyosikia kwanza, ikanyamaza ili isikie vizuri. Meza ya pili ikataka kujua ya kwanza imenyamazia nini. Mwanamke mmoja aliinama mbele, kikombe mkononi, hakunywa. Brigita akamwona akiinama. Akashusha zaidi.

Kisha fidla ikaingia. Nyuzi zake zikiwa zimelegezwa hivyo, haikulia kama mbuzi mwenye mafua. Ule ukali wake ulikuwa umeondoka, ikawa kama mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka mabegani, asubuhi, kabla hajaamka vizuri. Haikumzamisha. Kwa mara ya kwanza Brigita alisikia noti zake mwenyewe zikifika mwisho, zile ndogo za juu ambazo sikuzote fidla ilizimeza; na chini, kwenye mkono wake wa kushoto, akaisikia selo ya Emilian ikitembea naye hatua kwa hatua, na akatambua kwamba huenda miaka yote hiyo ilikuwa ikitembea naye. Lesiamon aliuliza neno, akamjibu. Akauliza tena kwa namna nyingine, Emilian akadakia. Vitufe viwili vya juu bado vilikuwa vizito, akavikwepa kama mtu anavyokwepa mdai wake sokoni, na asiyejua muziki ule hakuona kitu.

Wahudumu walikuwa wamesimama mlango wa jikoni. Mzee Metui alikuwa amekuja kuongeza kuni, akasimama na gogo mikononi, na hakuliweka motoni. Alisimama nalo mpaka walipomaliza, moto nyuma yake ukawa makaa tu, na hakuna mgeni aliyelalamikia baridi.

Namelok hakupiga makofi sana. Watu wenye nia ya kununua huwa hawapigi. Aliwasubiri wageni waende mezani, akaja, akasema piano inaweza kukaa, na wao wapige kila jioni wageni wakiwa wanakula.

Brigita akajibu kwa sauti ndogo sana. Namelok akainama.

Kila jioni haiwezekani, akamwambia; Emilian ana shule, Lesiamon ana watalii, yeye ana makoti. Itakuwa mara moja kwa juma. Na si wakati wa kula, maana piano hii haishindani na uma. Itakuwa kabla ya chakula, watu wakiwa na vikombe tu. Piano isiguswe na moto wala dirisha, na yeye awe na ruhusa ya kuja siku yoyote kuilinganisha bila kuomba miadi. Namelok akasema mara moja ni chache mno, anataka mara tatu. Wakavutana. Lesiamon na Emilian walikaa pembeni kama watu wanaotazama mchezo ambao wanajua hawaujui. Mwisho zikawa mara mbili msimu wa watalii wengi na mara moja msimu wa mvua, na mambo mengine yote kama alivyosema Brigita.

"Na mimi nina nyongeza yangu," Namelok akasema walipokwisha kupeana mikono. "Wafanyakazi wangu hawatasimama tena mlangoni mwa jikoni. Nitawawekea viti. Mimi nimesimama mlango ule miaka mingi, mama, naujua upepo wake."

Brigita akatafuta cha kupinga, kwa mazoea tu. Hakukiona. Nyongeza kama hiyo, ambayo mnunuzi anaiomba na muuzaji ndiye anayefaidi, hajawahi kuipata hata siku ya mnada mkubwa. Akakubali kabla mwenzake hajabadili mawazo, na kesho yake asubuhi Emilian akampigia simu Hendrik kumwambia kwamba gari la Nairobi lisihangaike.

Lakini usiku huohuo, wakati kenta ikipasha injini, mzee Metui akaja pale piano ilipo. Aliizunguka, akaiangalia chini kwenye ule wenzo wa goti, akaiangalia juu. Akamwambia Brigita kwamba amewahi kupokea wageni wa kila namna, lakini asiyependa moto ndiye wa kwanza. Sasa anapenda nini?

Brigita akamweleza: blanketi usiku, dirisha lifungwe ukungu ukishuka, na mtu yeyote asiweke kikombe juu yake, hata akiwa waziri. Mzee akasema kazi hiyo anaiweza, ila ni kazi nyingine, si ile aliyoajiriwa. Na kwa kuwa sasa moto utapungua, yeye atakaa kwenye baridi kwa ajili ya mgeni wa mtu. Macho yake yalikuwa kwenye yale makoti yaliyotumika kuifungia piano, hasa lile la kijivu lenye kola ya manyoya, lililo zito kuliko yote.

Brigita akamwambia achague jingine. Lile la kijivu lina mteja wake Karatu anayelisubiri. Akamwonyesha la kahawia. Mzee Metui akalishika, akalipima uzito kwa mkono mmoja, akalirudisha kwa adabu.

"Asante, mama," akasema. Akageuka, akaenda zake.

Hakuwa amefika mlangoni alipoitwa.